Jamaa Aliyealikwa Karamuni: Kuusoma Upya Usawiri wa Kentauro katika Visasili na Sanaa ya Ugiriki ya Kale

Uhakiki wa visasili vya Kigiriki umezoea kumtazama kentauro, kiumbe aliye mtu kuanzia kiunoni kwenda juu na farasi kwenda chini, kama alama ya mpaka. Upande mmoja wa mpaka huo pana mji, sheria, ndoa na chakula kilichopikwa; upande wa pili pana mlima, mabavu, tamaa na nyama mbichi. G. S. Kirk, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu maana na majukumu ya visasili, alimjadili kentauro chini ya suala la maumbile na utamaduni, suala ambalo Claude Lévi-Strauss alikuwa amelifanya kuwa uti wa mgongo wa nadharia ya umuundo. Page duBois naye, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya makentauro na Waamazoni, alisisitiza kwamba viumbe hawa walimsaidia raia wa kiume wa Kigiriki kujitambua kwa kutazama kile ambacho yeye hakuwa: mnyama, mwanamke na mgeni wa lugha nyingine. Hoja za wataalamu hawa zimeleta mwanga mwingi na hazistahili kubezwa. Hata hivyo, zimerithiwa na wanafunzi kwa wepesi kiasi kwamba siku hizi ni nadra kukutana na insha juu ya kentauro isiyoanza na kuishia kwenye jozi ya “unyama” na “ustaarabu”, kana kwamba matini zenyewe hazina jambo jingine la kusema.

Makala haya yanadai kwamba jozi hiyo inaficha jambo ambalo matini na michoro hulirudia bila kuchoka: kentauro si mtu wa nje. Ni jamaa. Ana nasaba inayomfunga na wanadamu wanaomuua, hualikwa katika arusi zao, huwalelea watoto wao, na katika masimulizi ya angalau mwandishi mmoja, ana madai ya mirathi. Ugomvi wake na binadamu ni ugomvi wa ukoo. Kumsoma kama mgeni au kama mnyama tu ni kukubali, bila kuhoji, maelezo ya upande mmoja wa ukoo huo.

Ushahidi wa kwanza uko kwa Homer, na jambo la kushangaza ni uchache wake. Katika utenzi wa Iliad, mzee Nestor anawakumbusha Agamemnon na Achilles kwamba yeye aliwahi kupigana bega kwa bega na watu wakuu kuwashinda, Pirithous na Theseus miongoni mwao, dhidi ya maadui anaowaita kwa neno linaloelekea maana ya “hayawani wa milimani”. Katika orodha ya majeshi ya kitabu cha pili, Pirithous anatajwa kuwa aliwaadhibu hayawani hao wenye manyoya na kuwafukuza kutoka mlima Pelion. Hakuna mahali ambapo Homer anataja kwato, mkia wala mwili wa farasi. Yamkini hadhira yake ililijua umbo hilo na hapakuwa na haja ya kulieleza. Yamkini pia umbo halikuwa kiini cha kisa. Lililo hakika ni kwamba katika utenzi huohuo jina “kentauro” lenyewe linatumika kumhusu Chiron, na linatumika kwa heshima: yeye ndiye mwadilifu kuwashinda wote katika jamii yake, ndiye aliyemfunza Achilles dawa za kutibu majeraha. Kusifiwa kwa uadilifu miongoni mwa wenzake kunamaanisha kwamba uadilifu ni kipimo ambacho kwacho kentauro wanaweza kupimwa. Mnyama wa porini hapimwi hivyo.

Kisa chenyewe cha karamu kinasimuliwa katika Odyssey, kitabu cha 21, na hapa ndipo uhakiki wa jozi unapopotea njia. Odysseus, akiwa amejigeuza ombaomba, anaomba ajaribu kuvuta upinde. Antinous, kiongozi wa wachumba wa Penelope, anamkemea na kumkumbusha habari za kentauro Eurytion aliyelewa divai katika nyumba ya Pirithous, akafanya maovu, akaburutwa hadi nje na kukatwa pua na masikio. Kuanzia siku hiyo, anasema, ukazuka uhasama baina ya makentauro na wanadamu. Wahakiki wengi huinukuu hadithi hii kama ushahidi wa imani ya Wagiriki juu ya ulevi wa makentauro, wakasahau kuuliza swali la kwanza la uhakiki: ni nani anayesema? Msemaji ni mtu ambaye kwa miaka amekaa katika nyumba isiyo yake, akila mifugo ya mwenyewe, akinywa divai yake na kumtaka mkewe. Anayemwonya asijifanye Eurytion ndiye mwenye nyumba. Kitabu kinachofuata kinapoanza, mshale wa kwanza wa Odysseus unampata Antinous kooni huku akiinua kikombe cha dhahabu ili anywe. Kinaya hiki hakikutokea kwa bahati. Homer ameiweka hadithi ya kentauro kinywani mwa mgeni mwovu ili msikilizaji atambue kwamba kentauro wa karamu hii ana miguu miwili na amezaliwa katika jamaa bora za Ithaca.

Suala la nasaba linajitokeza waziwazi kwa Pindar, katika utungo wake wa pili wa kuwasifu washindi wa michezo ya Delphi, aliomtungia Hieron, mtawala wa Syracuse. Ixion, mtu wa kwanza kumwaga damu ya jamaa yake kwa hila, anamtamani Hera, mke wa Zeus. Zeus anaumba wingu lenye sura ya Hera, na Ixion analala na wingu. Mtoto anayezaliwa anaitwa Kentauros, hana heshima mbele ya watu wala miungu; yeye ndiye anayejamiiana na farasi majike wa Magnesia, chini ya mlima Pelion, na kizazi kinachopatikana kinafanana na wazazi wote wawili, sehemu ya chini mama, sehemu ya juu baba. Msomaji aangalie mpangilio huu. Unyama unaingia katika ukoo katika kizazi cha tatu. Dhambi, yaani kuua jamaa na kutamani mke wa mwenyeji aliyekukaribisha, iko katika kizazi cha kwanza, nayo ni ya mtu kamili. Makentauro hawakuipata tabia yao kwa farasi. Kama kuna tabia waliyorithi, waliirithi kwa babu yao ambaye alikuwa mfalme wa Walapithi.

Na hao Walapithi ndio haohao watakaopigana nao. Pirithous, mwenye arusi, ni mwana wa Ixion katika masimulizi ya Diodorus, mwanahistoria wa Sicily wa karne ya kwanza K.K.; katika Homer ni mwana wa Zeus aliyezaliwa na mke wa Ixion. Kwa vyovyote vile, bwana arusi na wageni wake wanatoka katika nyumba moja. Diodorus anakwenda mbali zaidi: anaeleza kwamba kabla ya arusi makentauro walimwendea Pirithous na kudai, kwa haki ya ujamaa, sehemu yao ya ufalme wa baba. Pirithous alikataa, vita vikatokea, baadaye wakapatana, na arusi ikafuata ambamo makentauro walialikwa, wakalewa na kuwashambulia wanawake. Diodorus ni mwandishi wa baadaye, naye alipenda kuvipa visasili sura ya historia, kwa hiyo si halali kudai kwamba mirathi ilikuwamo katika hadithi tangu awali. Lakini ujamaa anaoujengea hoja upo tayari kwa Pindar, karne nne nyuma yake. Alichokifanya Diodorus ni kuuliza swali ambalo mtu yeyote anayejua mambo ya koo angeuliza: hawa watoto wa upande wa pili walipata nini? Jibu la hadithi ni kwamba walipata mwaliko wa karamu. Haya hayahalalishi kuwavamia wanawake; yanaonyesha tu kwamba kosa la siku moja limesimuliwa kwa namna inayofuta madai ya miaka mingi.

Hapana shaka pingamizi litatolewa kwamba Chiron hana nafasi katika hoja hii kwa vile yeye hatokani na Ixion. Baba yake ni Kronos na mama yake ni Philyra. Apollonius wa Rhodes anaeleza kwamba Kronos alijigeuza farasi alipogunduliwa na Rhea. Kwa sababu hiyo baadhi ya wahakiki humtenga Chiron wakidai kuwa si kentauro “halisi”. Utengano huu ni rahisi mno. Pindar, anayempenda Chiron kuliko mshairi mwingine yeyote na kutaja mara kwa mara kwamba aliwalea Jason, Asclepius na Achilles, haoni aibu kumwita kwa neno lilelile la “hayawani” huku akimpa sifa ya uungu. Aidha, Apollodorus anaeleza kwamba Walapithi walipowafukuza makentauro kutoka Pelion, Chiron naye alifukuzwa, akaenda kuishi Malea. Hapa pana jambo zito ambalo halijatiliwa maanani ipasavyo. Mlezi wa mashujaa, ambaye hakulewa wala kumgusa mwanamke wa mtu, alitimuliwa pamoja na wengine. Adhabu ilifuata nasaba na umbo, haikufuata matendo.

Simulizi ya Pholus, iliyohifadhiwa vizuri na Apollodorus, inaupindua kabisa mgawanyo wa kibichi na kilichopikwa. Herakles anafika pangoni kwa kentauro Pholus. Mwenyeji anampa mgeni nyama iliyochomwa, yeye mwenyewe akila mbichi. Mhakiki wa umuundo huona hapa mnyama na mstaarabu wakitenganishwa na moto. Lakini nani aliyeuwasha moto huo? Kentauro anajua kupika, na anapika kwa sababu anajua mgeni anahitaji nini. Huko ndiko kuheshimu mgeni kwenyewe. Herakles kisha anaitisha divai. Pholus anasita kwa kuwa mtungi uliopo ni mali ya makentauro wote. Herakles anamwambia asiogope, na kuufungua. Harufu inawaleta wenye mtungi wakiwa na mawe na miti, na mauaji yanaanza. Katika karamu hii aliyevunja kanuni ni mgeni mwenye miguu miwili, na waliokufa ni wenye mali. Walionusurika wanakimbilia kwa Chiron, na mshale uliokusudiwa mwingine unampata yeye gotini. Pholus, akistaajabu jinsi kitu kidogo hivyo kinavyoweza kuua viumbe wakubwa, anaudondosha mshale mguuni pake na kufa. Herakles anamzika na kuendelea na uwindaji wake. Ni vigumu kuisoma sehemu hii bila kuhisi kwamba msimulizi anajua anachokisema.

Sanaa ya michoro na michongo inathibitisha mkanganyiko huu kwa njia yake, hasa kupitia miguu ya mbele. Sanamu ya udongo iliyofukuliwa Lefkandi, kisiwani Euboea, yenye kimo cha sentimita 36 hivi na umri unaokaribia mwaka 900 K.K., ndiyo miongoni mwa sanamu za kentauro zilizo kongwe kabisa. Kichwa na kiwiliwili vilikutwa katika makaburi mawili tofauti. Mkono wake una vidole sita, miguu yake ya mbele ina magoti ya binadamu, na gotini pana mkato uliotiwa kwa makusudi kabla ya udongo kuchomwa. Wapo waliouhusisha mkato huo na jeraha la Chiron. Ushahidi wa maandishi juu ya jeraha hilo ni wa karne nyingi baadaye, kwa hiyo tahadhari inafaa. Lakini hata bila kumpa jina, ni dhahiri kwamba mfinyanzi alitengeneza kiumbe mwenye historia, aliyejeruhiwa na kuheshimiwa kiasi cha kuzikwa na wafu.

Umbo hili la miguu ya mbele ya kibinadamu halikuwa la Chiron pekee katika sanaa ya awali. Kadiri karne zilivyopita, mafundi waliwapa makentauro wengine miguu minne ya farasi, wakambakizia Chiron, na mara nyingine Pholus, umbo la kale. Mtungi mkubwa wa kuchanganyia divai na maji unaojulikana kwa jina la François, uliochorwa na Kleitias na kufinyangwa na Ergotimos yapata mwaka 570 K.K. na ambao sasa uko Florence, unaonyesha maumbo yote mawili kwa pamoja. Katika ukanda mkuu ni arusi ya Peleus na Thetis: Chiron anaongoza maandamano ya wageni, amevaa nguo, amesimama kwa miguu ya mtu, na kushikana mkono na bwana arusi. Shingoni mwa mtungi huohuo, makentauro wenye miguu ya farasi wanapigana na Walapithi waliovaa silaha kamili. Majina yao yameandikwa: Hylaios, wa msituni, Petraios, wa miambani, Asbolos, masizi. Kwa kuwa ni chombo cha divai, huenda waliokunywa walivitazama visa hivi huku vikombe vikijazwa. Aliyeuagiza alitaka kentauro mpole na kentauro mkali wawe katika karamu moja. Msomaji anayetafuta mpaka baina ya mtu na mnyama hapa hataupata baina ya Walapithi na makentauro. Ataupata katikati ya makentauro wenyewe, kama ulivyo katikati ya wanadamu.

Hoja iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile inayoyahusisha mapigano haya na vita vya Wagiriki na Waajemi vya miaka ya 480 na 479 K.K. Kwa mujibu wa hoja hii, michongo ya hekalu la Zeus huko Olympia na ile ya Parthenon ni istiara: Mlapithi ni Mgiriki, kentauro ni Mwajemi. Istiara hiyo ina msingi, kwani katika Parthenon makentauro wa upande wa kusini wamewekwa pamoja na Waamazoni, majitu na vita vya Troy katika pande nyingine tatu. Lakini kuna ukweli mmoja wa historia ya sanaa unaoikwamisha. Kabla ya vita hivyo, wachoraji kwa kawaida waliyaonyesha mapigano ya makentauro kama vita vya uwanjani, kama ilivyo katika mtungi wa François: jeshi kwa jeshi, ngao na mikuki dhidi ya mawe na miti. Ni baada ya vita ndipo arusi ilipotawala, na mapigano yakaingia ndani ya nyumba, baina ya vikombe na mitungi. Kama fundi alitaka kumsawiri adui aliyevuka bahari na kuvamia nchi, taswira ya uwanjani ingemfaa zaidi. Badala yake aliichagua taswira ya mgeni aliyealikwa, jamaa aliyeketishwa mezani. Mwajemi hakualikwa Athens.

Hofu iliyochongwa huko Olympia kati ya mwaka 470 na 456 K.K. ni hofu ya ndani. Mungu anayesimama katikati ya pembetatu ya magharibi ya paa, ambaye wataalamu wa sasa wanamtambua kuwa Apollo ingawa Pausanias alimwona kuwa Pirithous, amenyoosha mkono juu ya watu wanaovutana nywele, wanaoumana na kukabana. Upande wake wa kulia na wa kushoto, mikono ya watu na ya makentauro imefungamana kiasi kwamba jicho linachukua muda kutambua ni ya nani. Michongo ya Parthenon, iliyotengenezwa katika miaka ya 440 K.K., haiwapi Walapithi ushindi wa wazi. Katika bamba la 28 la upande wa kusini, kentauro anaruka kwa madaha juu ya maiti ya Mlapithi, ngozi ya chui ikining’inia mkononi mwake. Baadhi ya makentauro wa mabamba haya wana nyuso zilizokunjwa kama barakoa za jukwaani. Wengine wana nyuso za wazee watulivu ambazo zingeweza kuwekwa juu ya mabega ya raia yeyote. Tofauti hii kwa kawaida huelezwa kuwa ni tofauti ya ustadi wa mafundi. Inawezekana, lakini hata mafundi wasio stadi walikuwa na macho.

Na huyo Mwajemi mwenyewe, alipopewa nafasi ya kusema na mwandishi wa Kigiriki, alimwonea kentauro wivu. Katika kitabu cha Xenophon kuhusu malezi ya Cyrus, Chrysantas anawashawishi wenzake wajifunze kupanda farasi kwa kusema kwamba atakuwa kentauro anayeweza kutenganishwa na kuunganishwa tena, apate mbio za farasi barabarani na kitanda cha mtu usiku.

Katika tamthilia ya Sophocles juu ya wanawake wa Trachis, Nessus, mvushaji wa watu mtoni Euenos kwa ujira, anamgusa Deianeira katikati ya maji na kuchomwa mshale na Herakles. Kabla ya kukata roho anampa mwanamke damu yake kama dawa ya mapenzi, na dawa hiyo ndiyo inayomuua Herakles miaka mingi baadaye. Kosa la Nessus liko wazi. Lakini Sophocles anaonyesha pia kwa nini Deianeira aliihifadhi zawadi hiyo: alikuwa akiishi na mume anayeteka miji ili apate mwanamke mwingine, akamleta nyumbani kwa mkewe. Yule aliyeuawa kwa kumnyoshea mkono mke wa mtu na yule aliyemuua wanaletwa karibu kiasi kwamba sumu ya mmoja inashikamana na ngozi ya mwingine na haibanduki. Mchoraji wa mtungi mkubwa wa Athens, wa mwishoni mwa karne ya saba K.K., alikuwa ameliona jambo hili mapema: Nessus wake anapiga magoti huku mguu wa Herakles ukiwa mgongoni mwake, na ananyosha mkono nyuma kumgusa Herakles kidevuni. Kwa Wagiriki huo ni mwendo wa anayeomba msamaha, yaani mwendo wa mtu kwa mtu.

Picha ya mwisho inayofaa kutajwa haipo tena. Zeuxis, mchoraji wa mwisho wa karne ya tano K.K., alichora familia ya makentauro, na Lucian, mwandishi wa karne ya pili B.K., aliyeona nakala yake Athens, ameieleza kwa kirefu. Picha yenyewe, anasema, ilizama karibu na Malea ikipelekwa Italia na Sulla. Katika nyasi amelala kentauro wa kike, akiegemea kiwiko. Ana watoto pacha: mmoja ananyonya titi la mwanamke, mwingine ananyonya kama mtoto wa farasi. Juu yao baba, mwenye manyoya na sura ya ukali, anainama akicheka na kuinua mtoto wa simba ili awatishe kwa mzaha. Hapana Mlapithi, hapana divai, hapana arusi ya mtu mwingine. Watu waliokwenda kuitazama walishangilia upya wa wazo, jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kuchora jambo kama hilo, na hakuna aliyeitazama picha. Zeuxis alikasirika, akamwamuru mwanafunzi wake aifunike na kuirudisha nyumbani.